Kukomaza pombe kali kwa vipande vya mwaloni ukiwa Tabora

Pombe kali inapotoka mtamboni haina rangi, inachoma koo, na inanuka molasi au nafaka iliyochachuka. Rangi ya kahawia, harufu ya vanila na karameli, na ule ulaini unaomfanya mnywaji asikunje uso, vyote huingia baadaye, pombe ikishakaa na mti na hewa. Kiwandani kazi hiyo hufanywa na pipa la mwaloni. Nyumbani Tabora unaweza kuifanya kwa chupa ya kioo, vipande viwili vya mwaloni, jiko la mkaa na miezi kama sita.

Shika jambo moja kabla ya yote: mti hutoa vyake kwa wiki, hewa hufanya yake kwa miezi. Wanaoharibu pombe yao karibu wote huharibia hapo. Wanauacha mti ndani kwa muda wote ambao hewa inahitaji, wanaishia na chai ya mbao.

Pombe ya kuanzia

Kukomaza hakusafishi pombe. Gongo lenye methanoli, alkoholi yenye sumu, litabaki na methanoli yake hata likilazwa kwenye mwaloni miaka kumi, kwa sababu mti hauinyonyi na hewa haiiondoi kwa kiasi cha kukuokoa. Harufu yake iko karibu sana na ya ethanoli, ile alkoholi ya kunywa, kwa hiyo pua haitakuonya. Madini ya risasi yaliyotoka kwenye mabomba yaliyolehemiwa nayo hayaendi popote. Kibaya zaidi, vanila ya mti itaficha harufu mbaya ambazo pengine zingekufanya uimwage. Kupika gongo bila leseni ni kosa kisheria, lakini hata bila sheria jibu lingekuwa lilelile. Spiriti ya kuchomea, spiriti ya kusafishia vidonda na vitakasa mikono viko kundi hilohilo: havinyweki, na havikomazwi.

Nunua chupa dukani, iliyofungwa, yenye alama ya TBS na stempu ya ushuru ya TRA. Baada ya hapo, chagua aina. Ramu nyeupe au brandi isiyo na rangi ndiyo bora, kwa sababu bado ina asidi za mafuta na alkoholi nzito zilizotoka kwenye uchachushaji, nazo ndizo hewa itakazozifanyia kazi. Vodka imechujwa kwa mkaa mpaka imebaki karibu ethanoli na maji tu. Ukiikomaza utapata harufu ya mti na si zaidi ya hapo. Konyagi, yenye asilimia 35 na viungo vyake tayari, itakupa kitu kinachofanana na jini (gin) iliyopakwa rangi. Wapo wanaoipenda hivyo, ila usitarajie wiski.

Nguvu ya pombe ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ethanoli nyingi huvuta zaidi laktoni na mabaki ya lignini, yaani nazi, vanila na viungo. Maji mengi huvuta zaidi tanini na sukari, yaani ukakasi na utamu kidogo. Ndiyo maana viwanda huingiza pombe kwenye pipa ikiwa juu: Scotland wengi hutumia asilimia 63.5, na sheria ya bourbon, wiski ya Marekani, inaweka ukomo wa asilimia 62.5. Ukipata ramu nyeupe ya asilimia 57 na kuendelea, ichukue. Ukiwa na ya asilimia 40 kazi bado inafanyika, ila utatoa mti mapema zaidi, maana tanini itakuwahi.

Mti gani, na mti gani hapana

Mwaloni hauoti kwenye misitu yetu ya miombo, na hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Kila karakana ya seremala Tabora ina mabaki ya mninga na mkurungu chini ya meza, mazuri kwa macho na ya bure. Yaache. Mninga una utomvu mwekundu wa kukakasa mdomo, ule ambao watu hutumia kutilia rangi. Ukiuloweka kwenye pombe utapata rangi ya damu na ukakasi usiovumilika. Vumbi la mpingo huwasha ngozi, na utomvu wa mwembe huunguza. Mti unaofaa kwa kabati si lazima ufae kwa tumbo. Mbao za paleti za kubebea mizigo bandarini na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hata tusizijadili.

Wenzetu wa Brazil hukomaza cachaça, pombe yao kali ya miwa, kwenye miti yao, kama amburana na jequitibá, na wanafanya vizuri. Lakini wao wana vizazi vya uzoefu na maabara nyuma ya kila mti. Wewe anza na mwaloni.

Agiza vipande kwa wauzaji wa vifaa vya mvinyo, au vile vya kufukizia nyama, mradi kifurushi kiseme ni mwaloni mtupu usiotiwa mafuta wala ladha. Kifurushi cha gramu 500 kinasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam bila shida, na kitakutosha kwa chupa zaidi ya thelathini. Ukipewa nafasi ya kuchagua, mwaloni wa Marekani una laktoni nyingi zaidi, hivyo hutoa nazi na utamu. Wa Ulaya una tanini zaidi, na harufu yake inaelekea kwenye karafuu na matunda makavu. Kwa mara ya kwanza chukua wa Marekani, maana husamehe makosa.

Sasa kipimo. Pipa la kawaida la lita 200 lina takriban sentimita za mraba 95 za mti kwa kila lita ya pombe. Kwa mililita 750 hiyo ni kama sentimita za mraba 71. Kipande cha urefu wa sentimita 10, chenye upana na unene wa sentimita 1, kina eneo la sentimita za mraba 42. Kwa hiyo vipande viwili vinatosha, na uzito wake utakuwa karibu gramu 14. Vikiwa ni chenga ndogo ndogo badala ya vijiti, eneo lake ni kubwa mno kwa uzito uleule, hivyo weka gramu 4 tu kwa chupa. Maranda na unga wa mbao usitumie kabisa: hutoa kila kitu siku mbili, kizuri na kibaya kwa pamoja, na huchujika kwa tabu.

Kuchoma mti

Mwaloni mbichi, hata ukiwa mkavu, hauna vanila ya kutosha. Unanuka ubao uliorandwa sasa hivi, na kwenye pombe harufu hiyo hubaki. Moto ndio unaoutengeneza, kwa sababu mti umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa, na kila kimoja huvunjika kwa njia yake.

Selulosi ni mifupa, na haina mchango mkubwa kwenye harufu. Hemiselulosi ni mnyororo wa sukari. Ikipata joto inavunjika na kuungua kama sukari ya kwenye sufuria, ikatoa furfurali yenye harufu ya lozi, maltoli, na ile rangi ya karameli. Lignini ndiyo gundi ya mti, nayo ikivunjika hutoa vanilini na siringaldehidi. Joto likizidi, lignini hiyohiyo huanza kutoa gwayakoli na fenoli nyingine za moshi. Laktoni za nazi zimo kwenye mti tangu mwanzo, na joto kali huzifukuza. Kwa hiyo kila digrii unayoongeza unapata kitu na kupoteza kingine.

Kwanza chemsha vijiti kwenye maji dakika 15, mwaga maji, rudia mara moja. Maji ya kwanza yatatoka ya kahawia: hiyo ni tanini kali inayotoka. Viwanda hufanya kazi hii kwa kuziacha mbao nje, kwenye mvua na jua, kwa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Wewe unafupisha. Kisha kausha vijiti kivulini mpaka uzito usipungue tena kwenye mizani. Kiangazi cha Tabora siku nne au tano zinatosha, masika ongeza wiki.

Halafu choma. Mwenye oveni aweke nyuzi 190 za Sentigredi kwa saa mbili, vijiti vikiwa vimezungushiwa foili matabaka mawili. Asiye na oveni atumie sufuria la mchanga, lilelile la kuokea keki: sufuria kubwa, mchanga mkavu uliochekechwa wa kina cha sentimita 3, mawe matatu madogo juu ya mchanga, vijiti ndani ya foili juu ya mawe, mfuniko, na makaa chini na juu.

Ukikosa kipimajoto, sukari itakusaidia. Weka nusu kijiko cha sukari nyeupe kwenye kipande cha foili kilichokunjwa kama kisahani, mahali vijiti vitakapokaa, ufunike kwa dakika 15. Sukari nyeupe ya mezani huyeyuka karibu na nyuzi 186. Ukifunua ukakuta punje bado ni punje, joto ni dogo, ongeza makaa juu. Ukikuta imekuwa asali ya rangi ya dhahabu, uko mahali pake. Ikiwa nyeusi na inatoa moshi, toa nusu ya makaa ya juu, subiri, uweke sukari mpya. Fanya kipimo hiki kabla ya kuingiza vijiti, kisha urudie baada ya saa moja, maana mkaa hupoa.

Baada ya saa mbili, kata kijiti kimoja katikati kwa msumeno. Ndani kiwe na kahawia hafifu mpaka kwenye kiini, si ukingoni tu. Kinuse. Kikinuka mkate na biskuti, kirudishe nusu saa. Kikinuka vanila na karanga zilizokaangwa, kimeiva. Kikinuka jivu, umekwenda mbali, ingawa wanaopenda moshi hawatalalamika.

Hatua ya mwisho ni kuunguza juu. Kishike kijiti kwa koleo juu ya makaa mekundu, ukikigeuza, mpaka ngozi ya nje iwe nyeusi na ianze kupasuka. Sekunde 20 hadi 30 kwa kila upande zinatosha. Watengeneza mapipa wa Marekani huunguza ndani ya pipa kati ya sekunde 15 na 55, kutegemea daraja. Kizamishe kwenye maji mara moja ili moto usiendelee kula ndani. Tabaka hilo la mkaa si pambo. Hunyonya misombo ya salfa, ile inayonuka kabichi iliyochemka au kiberiti, ambayo mti peke yake haugusi.

Chupani

Tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya lita moja, kwa pombe ya mililita 750. Robo iliyobaki ni hewa, na hewa hiyo ni kiungo kama viungo vingine. Usijaze mpaka shingoni. Plastiki hapana: pombe kali huvuta vilainishi vyake. Kopo la chuma hapana pia, na kijiti kilichowahi kupigiliwa msumari kitupwe. Chuma kikikutana na tanini hutengeneza wino, kwa maana halisi: pombe inageuka buluu iliyokolea kuelekea nyeusi, na hakuna kuchuja kutakakoirudisha.

Bandika karatasi yenye tarehe, nguvu ya pombe, uzito wa mti na joto la kuchomea. Bila hiyo, chupa ya pili itakuwa kubahatisha tena.

Weka chupa kabatini, mbali na jua na mbali na moto. Mvuke wa pombe ya asilimia 40 unaweza kushika moto kwenye nyuzi 26 hivi, na Tabora mchana wa Oktoba joto hupita 30. Kwa hiyo usifungue chupa jikoni huku jiko linawaka, wala usinuse kwa mwanga wa kibatari. Joto lenyewe si adui. Mchana mti hutanuka na kumeza pombe, usiku wa Julai hali ikishuka kuelekea nyuzi 15 huitema. Mabadiliko hayo ya kila siku ndiyo yanayochota vilivyomo katikati ya kijiti.

Ratiba ya kuonja

Rangi itakudanganya. Siku ya tatu pombe itakuwa ya dhahabu, wiki ya pili itakuwa ya wiski ya bei mbaya, na bado haijakomaa hata kidogo. Rangi huja kwanza, kisha vanila na nazi, kisha tanini. Kazi yako ni kutoa mti vanila ikiwa imejaa na tanini ikiwa ndiyo inabisha hodi.

Onja siku ya 3, ya 7, ya 14, kisha kila siku ya nne au ya tano. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa, uongeze mililita 10 za maji. Kuonja pombe ya asilimia 40 bila maji kunaua ulimi, na maji hufungua harufu zilizokuwa zimefichwa na ethanoli. Tumia glasi ndogo yenye mdomo uliobana. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, bila kuizamisha pua. Kisha onja, uteme, uhesabu mpaka kumi. Ukisikia fizi zinakauka na ulimi unashikana na kaakaa, hiyo ni tanini. Ikija na kupotea kabla ya kumi, bado una siku chache. Ikibaki, toa mti leo.

Kwa vijiti viwili kwenye pombe ya asilimia 40, siku hiyo mara nyingi huangukia kati ya wiki ya tatu na ya sita. Kwa chenga ni kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili. Msimu wa joto, vuta mapema. Vijiti usivitupe: vinafaa kwa chupa ya pili, ambapo vitafanya kazi taratibu na kwa upole zaidi, na wengine huiona hiyo ya pili kuwa tamu kuliko ya kwanza.

Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, osha chupa, rudisha pombe.

Zamu ya hewa

Hapa ndipo watu huishiwa subira, na hapa ndipo pombe inapokomaa. Mti umeshatoka, lakini tanini zake zimebaki ndani, nazo hupokea oksijeni na kuamsha mlolongo wa mabadiliko. Sehemu ndogo ya ethanoli inageuka asetaldehidi, yenye harufu ya tufaha bichi. Asetaldehidi nyingine huendelea kuwa asidi ya asetiki, nyingine huungana na ethanoli kutengeneza asetali, yenye harufu laini zaidi. Asidi huungana na ethanoli kutengeneza esta. Tanini zenyewe, kwa kuunguzwa na oksijeni, hushikana zikawa kubwa na kupoteza makali yake.

Esta ni familia yenye ugomvi ndani yake. Esta ya ndizi mbivu, iliyokuja na pombe tangu kwenye uchachushaji, hupungua polepole. Etili asetati huongezeka kadiri asidi ya asetiki inavyoongezeka: ikiwa kidogo huleta harufu ya tunda, ikizidi huleta harufu ya rangi ya kucha. Ndiyo sababu hewa hutolewa kwa kipimo.

Mara moja kwa wiki fungua mfuniko dakika 10, zungusha chupa kwa mkono mara tano au sita, funga. Basi. Fanya hivyo kwa miezi mitatu kama unataka kinywaji, kwa miezi sita kama unataka kinywaji kizuri. Mwezi wa kwanza utaona kama imeharibika: harufu inakuwa kali na kavu kuliko siku ulipotoa mti. Hapo asetaldehidi imetangulia na wenzake hawajafika. Iache. Kufikia mwezi wa tatu ukali huo huwa umeanza kurudi nyuma.

Njia za mkato zipo nyingi: kupasha chupa kwenye maji moto, kutikisa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kugandisha na kuyeyusha. Zote huharakisha mti kutoa. Kwa upande wa hewa, mafanikio yake ni madogo, kwa hiyo unafika haraka kwenye rangi na ukakasi na unabaki palepale. Kuchemsha pombe iliyofungwa kwenye chupa ni bomu, tuliseme hivyo.

Maji ya mwisho

Kama ulianza na pombe ya juu, sasa unashusha. Hesabu ni kuzidisha ujazo kwa nguvu uliyonayo, kisha kugawa kwa nguvu unayotaka. Mililita 700 za asilimia 55 ukitaka asilimia 43: 700 mara 55 gawanya kwa 43, jibu ni 895. Unaongeza maji mililita 195. Ethanoli na maji vikichanganyika hupungua ujazo kidogo, kwa hiyo pima mwishoni uongeze matone yanayobaki.

Kipima kileo kimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Ukikitumia mchana wa nyuzi 28 kitakuambia pombe ina pointi kama 3 zaidi ya ukweli. Weka chupa ya kupimia kwenye beseni la maji ya mtungini mpaka ipoe, ndipo usome. Na ukishatia asali au sukari, kipima hicho hakina ukweli tena, maana kinapima uzito wa kimiminika na sukari imeubadilisha.

Maji yawe ya chupa yenye madini kidogo. Maji ya kisima yenye chokaa huleta ukungu na mashapo meupe. Gawa maji mara nne, kila baada ya siku tatu. Ukiyamwaga yote kwa mpigo, asidi za mafuta na esta zake nzito, zilizokuwa zimeyeyuka vizuri kwenye pombe ya juu, hukosa pa kukaa na kujitenga. Pombe ikishuka chini ya asilimia 46 na ikapata baridi, inaweza kuwa na ukungu hata kama ulifanya kila kitu sawa. Ukungu huo hauna madhara. Viwanda huuondoa kwa kupoza na kuchuja, na wajuzi wengi hulalamika kwamba ladha huondoka nao.

Asali ya miombo ni jambo tunaloliruhusu, kwa mkono wa birika. Gramu 4 kwa mililita 750, iliyoyeyushwa kwanza kwenye vijiko viwili vya pombe hiyohiyo, hupunguza ukakasi bila kujitangaza. Ikifika gramu 15 umeacha kukomaza pombe, unatengeneza likya, yaani pombe kali iliyotiwa utamu.

Ikienda vibaya

Ukakasi uliozidi hauondoki kwa kusubiri peke yake ukiwa mkubwa. Changanya na pombe ileile isiyoguswa na mti: anza na sehemu moja ya mbichi kwa tatu za iliyokomaa, kwenye glasi kwanza. Kisha rudisha kwenye zamu ya hewa mwezi mmoja.

Harufu ya ubao mpya inamaanisha mti haukuiva ndani. Hakuna tiba ya pombe, ila vijiti vinaweza kuchomwa upya.

Harufu ya rangi ya kucha: hewa imezidi. Acha chupa wazi, imefunikwa kwa kitambaa safi, kwa saa mbili kivulini ambako hakuna moto, maana etili asetati huruka upesi. Kisha ihamishie chupa ndogo iliyojaa. Ikirudi tena baada ya wiki, asidi ni nyingi, na pombe hiyo itafaa zaidi kuchanganywa na soda ya tangawizi.

Harufu ya ukungu, ya chumba kilichofungwa muda mrefu, hutoka kwenye vijiti vilivyokaushwa vibaya masika. Hiyo mwaga.

Kwa anayewaza pipa

Pipa dogo la lita 5 linavutia mezani, lakini lina zaidi ya mara tatu ya mti kwa kila lita ukilinganisha na la lita 200. Linakomaza upande wa mti kwa miezi michache na kukupa tanini kabla hewa haijafanya lolote. Lijaze kwanza kwa mvinyo mtamu kwa wiki sita ili limalize hasira zake.

Kisha kuna hali ya hewa. Pipa hupumua kupitia mbao, na kinachotoka hutegemea unyevu wa nje. Scotland, palipo na unyevu na baridi, pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka, na nguvu ya pombe hushuka. Kentucky, kule Marekani, kwenye maghala yenye joto na ukavu, maji hutoka zaidi ya ethanoli na nguvu hupanda. Tabora kuanzia Juni mpaka Oktoba itakufanyia kama Kentucky. Kigoma, kwa walio karibu na ziwa, hewa ni nzito zaidi na pipa halitakauka upesi hivyo. Joto la kwetu linaharakisha upotevu: Amrut, waliopo Bangalore nchini India, hupoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na wiski yao ya miaka mitano inaheshimika duniani. Kwa pipa la lita 5 kiangazi, weka beseni la maji kabatini kando yake, na lipime kwenye mizani kila mwezi. Likipungua gramu 200 kwa mwezi, angalia kama linavuja kabla ya kulaumu hewa.

Kunywa nyumbani ni jambo moja, kuuza ni jingine: ukitaka kuuza unahitaji leseni, viwango vya TBS na stempu za TRA, hata kama pombe ya kuanzia uliinunua dukani.

Ikishakuridhisha, ihamishie chupa nyembamba, ijaze mpaka shingoni na uifunge. Kuanzia hapo haikomai tena kwa maana yoyote ya kuhesabu miaka, kwa sababu hakuna mti na hewa ni kiduchu. Isimamishe wima. Chupa ya mvinyo hulazwa, hii hailazwi: pombe ya asilimia 40 ikikaa inagusa kizibo cha koki, inakitafuna, na makombo yake huelea ndani.